Kituo cha kupoza umeme kinakuja shambani kwangu: je, kweli kila kitu kimeshaidhinishwa?

SWALI

"Mimi ni mwalimu mstaafu, sasa nalima pamba huku Kanda ya Ziwa. Mwezi uliopita walikuja wapimaji, wakapanda bikoni kwenye mashamba ya watu kumi na wawili, likiwemo shamba langu. Tukaambiwa hapa patajengwa kituo cha kupoza umeme cha mkoa mzima, cha kilovoti 220 kwa 33. Mtendaji anasema kila kitu kimeshaidhinishwa Dodoma, sisi tusubiri fidia. Kituo tunakitaka, maana ikifika saa moja jioni taa zinafifia na friji za pale senta hazigandishi. Lakini nina maswali. Kwa nini kwetu wakati karibu na mji kuna eneo la wazi? Nani hasa anaidhinisha jambo kama hili, na je, sisi bado tuna sauti? Tena shule ya msingi iko kama mita 400 kutoka kwenye bikoni. Hizo transfoma kubwa hazitawadhuru watoto?"

JIBU

Shikamoo Mwalimu. Nimefanya kazi ya kupanga njia na vituo vya umeme kwa miaka ishirini na ushee, na hilo neno "kimeshaidhinishwa" nimelisikia kwenye mikutano ya vijiji mara nyingi kuliko neno "umeme" lenyewe. Mtendaji wako huenda hakudanganya. Tatizo ni kwamba neno hilo moja limebebeshwa mambo manne au matano yasiyofanana, yanayotolewa na ofisi tofauti, kwa miaka tofauti. Ukiniuliza kama kituo cha mkoa wenu kimeidhinishwa, nitakuuliza: kimeidhinishwa nini? Haja yake? Fedha zake? Mahali pake? Mazingira? Fidia? Haja inaweza kuwa ilikubaliwa miaka mingi iliyopita wakati mahali penyewe hapajakubaliwa hata leo.

Nianze na haja, kwa sababu hapo ndipo taa zenu zinapofifia.

Umeme nchini kwa sasa si haba. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Shida ya mikoa ya pembeni ni njia. Mkoa usio na kituo chake hulishwa kwa laini ya kilovoti 33 inayotoka kwenye kituo cha mkoa jirani, na laini ya 33 ni ya kusambazia, si ya safari ndefu. Nikupe hesabu ya karatasi. Chukua laini ya kawaida ya 33, waya wa alumini wa milimita za mraba kama 100, urefu kilomita 100, mwisho wake kuna mahitaji ya megawati 5 tu. Ukipiga hesabu, volti zinazofika kule mwisho zimepungua kwa moja ya tano hivi, na katika umeme uliopakiwa, asilimia kama 15 imeishia njiani ikipasha waya joto na ndege waliotua juu yake. Nyumbani kwako, badala ya volti 230, unapata mia na themanini na kitu. Taa inafifia, friji inanguruma bila kugandisha, na mwenye mashine ya kusaga anaunguza mota, kwa sababu mota ikinyimwa volti huvuta mkondo mkubwa zaidi ili imalize kazi ileile. Sasa weka megawati 10 kwenye waya huohuo. Hesabu inakataa kabisa, laini haibebi.

Hizo megawati 5 zikisafiri kwa njia ya kilovoti 220, kwa kilomita zilezile, volti zinapungua kwa chini ya asilimia moja. Ukipandisha msongo, yaani volti, kutoka 33 hadi 220 umeuzidisha karibu mara saba. Mkondo unapungua mara saba, na kwa kuwa upotevu unakwenda kwa mraba wa mkondo, upotevu kwenye waya wa aina ileile unapungua zaidi ya mara arobaini. Hakuna ujanja mwingine unaoshindana na huo. Kuna vifaa vya kuinua volti katikati ya laini, na tunavitumia, lakini ni sawa na kumpa mgonjwa maji ya chumvi na sukari: yanamfikisha hospitali, hayamtibu. Mfano mmoja ulio wazi ni Kigoma. Mwaka 2022 gridi ilipofika Kakonko, Kibondo na Kasulu na majenereta ya dizeli kuzimwa, ilifika kwa laini ndefu ya 33 kutoka kituo cha Nyakanazi, huku njia kubwa ya kilovoti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kidahwe, karibu na mji wa Kigoma, ikiwa bado kazi ya kufanya. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kila mhandisi aliyekuwepo alijua ile ni hatua ya kati. Ruvuma wao waliingia kwenye gridi mwaka 2018 kwa njia ya kilovoti 220 ya kilomita zipatazo 250 kutoka Makambako, yenye vituo vya kupoza Madaba na Songea. Kabla ya hapo Songea ilikuwa inaishi kwa dizeli.

Neno lenyewe "kupoza" limewachanganya wengi, hata niliwahi kuulizwa na diwani kama umeme unafika ukiwa wa moto. Kinachopozwa ni msongo: mashine umba, au transfoma kama wengi tunavyosema, inapokea 220 na kutoa 33. Kisha laini za 33 zinatawanyika wilayani, na kwenye nguzo za kijiji kuna transfoma ndogo inayoshusha tena hadi volti 400 na 230. Nasema hivi mapema kwa sababu wanakijiji wako watakata tamaa wasipoambiwa: kuishi ukutani mwa kituo hakukupi umeme. Anayekuletea umeme nyumbani ni laini ya 33 na ile transfoma ya nguzoni, na huo ni mradi mwingine, mara nyingi wa Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Nimeona kijiji kilichopakana na kituo kikubwa kikakaa gizani miaka kadhaa. Mkitaka yasiwapate, lisemeni sasa, liandikwe kwenye ripoti, wakati mkandarasi bado yuko kwenye makaratasi.

Haja ikishaonekana, inaingizwa kwenye mpango kabambe wa mfumo wa umeme, ule unaosimamiwa na Wizara ya Nishati na kuhuishwa kila baada ya miaka kadhaa. Humo kila mkoa unakadiriwa mahitaji yake ya juu, yaani ile saa moja ya jioni ambapo kila mtu amewasha, kwa miaka ishirini na zaidi mbele. Hapo ndipo ukubwa wa kituo chenu ulipotoka. Tuseme, kwa mfano tu, mkoa unatumia megawati 19 leo na mahitaji yanakua asilimia 8 kwa mwaka. Baada ya miaka tisa yatakuwa 38. Ukiongeza ule mkondo unaozunguka kwenye mota bila kufanya kazi lakini mashine umba inaubeba vilevile, unapata mzigo wa MVA 42 hivi, MVA ikiwa ndiyo kipimo cha mzigo wote ambao mashine umba inaubeba. Mtu wa hesabu za haraka atasema nunueni mashine mbili za MVA 30, jumla 60, chenji inabaki. Mpangaji atauliza: moja ikiungua? Inabaki ya 30 na mzigo wa 42, kwa hiyo theluthi karibu ya mkoa inalala giza, na mashine mpya ya ukubwa huo haipatikani dukani. Inaagizwa, inatengenezwa, inapimwa kiwandani, inapanda meli. Kwa hali ya soko la dunia ya miaka hii ya karibuni, mwaka mmoja ni bahati. TANELEC ya Arusha inatengeneza transfoma hapa nchini, lakini hizo ni za usambazaji, ndogo. Hizi za kilovoti 220 zinatoka ng'ambo. Ndiyo maana tunanunua mbili za 45: ikifa moja, nyingine inabeba mkoa mzima ikiwa imewasha feni zake zote. Watu wa fedha huwa hawaipendi hesabu hii. Wanaona mashine mbili zinazofanya kazi nusu nusu. Mimi naona hospitali ya rufaa isiyozimika.

Sasa uidhinishaji wenyewe. Mpango kabambe ukishaitaja haja, hiyo ni idhini ya kwanza, na hiyo ndiyo labda mtendaji wako ameisikia. Ya pili ni fedha: bajeti ya wizara ikipita bungeni, au mkopo ukisainiwa na Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika au mfadhili mwingine. Njia ya Makambako hadi Songea, kwa mfano, ilisaidiwa na Sweden. Kwa mwanakijiji jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Fedha zikiwa za mkopo wa benki hizo, masharti yao kuhusu watu wanaohamishwa yanaongezwa juu ya sheria zetu. Benki ya Dunia, kwa mfano, inataka mtu afidiwe kwa gharama ya kukipata tena kitu kile kile kipya, si kwa thamani ya kilichochakaa, na inataka pawe na dawati la malalamiko linalofanya kazi. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtendaji, kabla ya yote: fedha za nani?

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, nao wamo. Wanatoa leseni za kusafirisha na kusambaza umeme, wanasimamia kanuni za kiufundi za gridi, na wanapopitia bei za umeme wanaangalia uwekezaji uliofanyika, maana mwisho wa siku kituo hiki kinalipwa na mnunuzi wa luku. Lakini EWURA hawachagui shamba la mtu. Nikiwaacha hapo sitakuwa nimekupunja.

Shamba linachaguliwa na timu ya watu wachache: mhandisi wa njia, mhandisi wa vituo, mpima, mtu wa mazingira, wakati mwingine mtu wa miamba na udongo. Na hapa najibu swali lako la eneo la wazi mjini, kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndilo swali ninaloulizwa kila mahali, na kila mahali majibu yanayotolewa ni ya kukwepa.

Kituo cha 220 hakiingii mahali kwa upana wake pekee. Kinaingia na mikia. Upande mmoja kuna njia ya 220, ikiwezekana mbili, kila moja na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi chini ya nyaya, wa makumi ya mita ambao ndani yake hairuhusiwi nyumba wala mti mrefu. Upande mwingine kuna laini za 33, sita au nane, kila moja ikikimbilia wilaya yake. Ukikiweka mjini, mikia hiyo itakata viwanja na nyumba, na fidia ya mikuza itaizidi gharama ya kituo chenyewe. Eneo la wazi mjini leo ni mtaa baada ya miaka mitano, na kituo kinaishi miaka arobaini. Ukikipeleka mbali sana na mji nako, unarudi kwenye ugonjwa ule ule wa laini ndefu za 33. Kwa hiyo tunatafuta pete: nje ya mji unakokua, lakini si mbali na moyo wa mahitaji, na karibu na pale njia kubwa inapopita au itakapopita, ili tuweze kuikata, kuiingiza kituoni na kuitoa tena. Kituo kinacholishwa kutoka pande mbili hakizimiki kwa mnara mmoja kuanguka.

Baada ya hapo inakuja ardhi yenyewe. Tambarare, kwa kuwa kuchonga mlima ni ghali. Isiyojaa maji. Ipitikayo: mashine umba ya kituo kama hiki ni mzigo wa makumi ya tani, ikiwa kubwa inakaribia mia, na inakuja kwa trela lenye magurudumu mengi kutoka bandarini. Lori la kawaida Afrika Mashariki halitakiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo wake, hivyo mzigo huu unahitaji kibali maalumu, na kila daraja njiani linakaguliwa. Nimewahi kuona eneo zuri mno likiachwa kwa sababu ya kalavati moja.

Na udongo, Mwalimu. Wewe unalima pamba, kwa hiyo unaujua ule udongo mweusi wa mbuga kuliko mimi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Masika unavimba na kushika kila kinachoukanyaga. Msingi wa mashine nzito ukikaa juu ya udongo huo bila kuchimbua na kujaza kifusi, unainama. Kazi zangu za mwanzo kabisa niliwahi kushiriki kuchagua eneo mwezi Agosti. Lilikuwa jeupe, kavu, tambarare kama meza. Mzee mmoja wa pale alituambia, "Wanangu, hapa ng'ombe hunywa maji mwezi wa tatu." Tukatabasamu, tukaandika "hakuna dalili ya mafuriko". Tulirudi Machi na gari likazama hadi ekseli katikati ya pale tulipochora chumba cha kuongozea mitambo. Fedha zilizokwenda kwenye kifusi zingejenga shule. Tangu siku ile, fomu yangu ya kuchagua eneo ina mstari mmoja ambao haumo kwenye vitabu: jina la mzee aliyeulizwa kuhusu maji.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini kwenu, dhana yangu ni hiyo pete pamoja na njia ya 220 inapopita. Lakini wewe usikubali dhana. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, inayotakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, haikamiliki bila kueleza njia mbadala zilizofikiriwa. Ripoti inatakiwa ioneshe maeneo mengine yaliyopimwa na kwa nini yaliachwa. Mradi unasajiliwa NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, unawekewa upeo wa mambo ya kuchunguza, wadau wanakutanishwa, ripoti inaandikwa na wataalamu waliosajiliwa, inapitiwa na kamati, na mwishoni cheti kinatolewa chini ya mamlaka ya waziri mwenye dhamana ya mazingira. Hiyo ni idhini ya tatu, na bila cheti hicho mkandarasi hapaswi kumwaga hata ndoo ya zege. Ile hatua ya upeo ndiyo yenye thamani kubwa kwenu na ndiyo inayopita kimyakimya zaidi. Jambo likiingia kwenye upeo, lazima lijibiwe kwenye ripoti. Lisipoingia, mtalilalamikia baadaye na mtaambiwa halikuwa sehemu ya kazi.

Karatasi ya mahudhurio ya mkutano huo huambatanishwa kwenye ripoti pamoja na muhtasari wa yaliyosemwa. Kama mmeshawahi kuitwa kwenye mkutano "wa kutambulishwa wageni" mkasaini daftari, yawezekana huo ndio ulikuwa mkutano wenyewe wa wadau. Haijachelewa. Andikeni barua ya kijiji kwenda NEMC ofisi ya kanda mkiomba kuiona ripoti, na mkiwa na hoja ziandikeni humo.

Idhini ya nne ni ya ardhi, na hapa "Dodoma" haitoshi. Kama ardhi yenu ni ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema ardhi ya kijiji ikitaka kuhamishwa kuwa ya jumla, na ukubwa wake ukiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa baada ya mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Mashamba kumi na mawili hayafiki hekta 250 hata kwa kukisia vibaya. Upande wa pili, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inampa Rais uwezo wa kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na umeme ni manufaa ya umma bila ubishi. Kwa hiyo msiingie mkutanoni mkidhani mna kura ya turufu. Mnacho kiti mezani. Vijiji vinavyokwenda na maombi mahususi, sogezeni bikoni hizi mita mia upande wa juu, pitisheni barabara ya kituo nyuma ya shule na si mbele yake, hupata kitu. Vinavyokwenda na "hatutaki" hupata polisi na ratiba ileile.

Fidia ndiyo ya tano. Nami nakuomba uwasomee wenzako aya hii. Anayethamini ni mthamini aliyesajiliwa, na jedwali lake linasainiwa na viongozi wenu ngazi kwa ngazi hadi mkoa, kisha linaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kwa kanuni za mwaka 2001, unachostahili si bei ya udongo pekee. Kuna thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, kuna posho ya usumbufu inayokokotolewa kwa riba ya amana za mabenki, kuna posho ya usafiri inayopigwa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na kwa anayebomolewa nyumba kuna posho ya makazi sawa na kodi ya miezi 36. Mwenye biashara pale ana fungu la faida aliyoipoteza. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka malipo yafanyike ndani ya miezi sita tangu kuidhinishwa. Yakichelewa, riba inaanza kuhesabiwa. Na uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Ukipita huo bila kulipwa, unarudiwa upya. Watu wengi hawalijui hilo. Wanakaa miaka minne wakisubiri hela ya bei ya zamani, hawajengi, hawapandi miembe, kisha wanapokea na kushukuru.

Siku mthamini atakapokuja, kila mmoja awe shambani kwake mwenyewe, mume na mke wote wawili ikiwezekana, na miti ihesabiwe kwa sauti. Pigeni picha za simu. Msisaini fomu yenye nafasi tupu, na msiondoke bila nakala. Wale wanaolima kwa kukodi shamba la mtu, nao waandikwe, mazao ni yao. Makaburi yasemwe siku hiyohiyo. Fedha ikija iingie benki kwa jina la mwenye mali. Mtu akijitokeza kujitolea "kuwafuatilia kwa asilimia kumi", mfukuzeni.

Yakishapita yote hayo ndipo zabuni inatangazwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, mkandarasi anapatikana, na mnaanza kuona greda. Sijawahi kuona kituo cha mkoa kikikamilika chini ya miaka minne tangu bikoni ya kwanza. Nimeona vya miaka tisa.

Nije kwa watoto. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya, yaani sumaku ya umeme na hatari ya umeme wenyewe. Ya kwanza ndiyo inayotisha watu, ya pili ndiyo inayoua. Mashine umba na nyaya hutoa uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku inayoenea kuzunguka nyaya, unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Ni kweli kwamba mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka uga wa aina hii kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani, kundi 2B, kwa ushahidi liliouona kuwa haba kuhusu saratani ya damu kwa watoto. Mtu akikuambia suala hili halijawahi kuzungumzwa, hajui. Lakini uga huo unafifia haraka sana kwa umbali. Kikomo cha kimataifa kwa watu wa kawaida ni mikrotesla 200, na nje ya uzio wa kituo vipimo huwa chini yake mara nyingi mno. Mita 400 kutoka kwenye mashine umba, kinachotoka kituoni hakitofautiki na kile cha nyaya za ndani ya darasa. Kinachonihusu mimi zaidi kuhusu shule yenu ni mkuza wa njia: minara ya 220 itapita wapi? Kituo kinaweza kuwa mita 400 na nyaya zikapita juu ya uwanja wa mpira. Ombeni ramani ya njia, si ya kituo tu. Ramani ya kituo ndiyo wanayoionesha daima kwa sababu ina kisanduku kizuri cha kijani.

Kelele: mashine hizi huvuma, mvumo mzito wa mara 100 kwa sekunde. Kwa umbali wenu, usiku wa kimya wenye upepo wa kuja, huenda mkausikia kama nyuki wa mbali. Mchana hapana.

Mafuta ndiyo ningeyapigania. Ndani ya kila mashine ya ukubwa huo kuna makumi ya maelfu ya lita za mafuta ya kupozea na kuhami. Ikipasuka au ikiungua, yanatoka. Kituo kilichochorwa vizuri kina shimo la zege chini ya kila mashine na tangi la kutenganisha mafuta na maji ya mvua kabla maji hayajatoka nje, na ukuta wa kuzuia moto kati ya mashine na mashine. Ulizeni: maji ya mvua ya kituo yanaelekea wapi? Kama kwenye michoro mshale unaelekea kwenye lambo mnalonyweshea ng'ombe, hapo mna hoja nzito kuliko ya saratani, na ni hoja inayorekebishika kwa mfereji wa mita mia mbili. Na mkawaambie vijana kwamba mafuta ya transfoma si ya kukaangia chipsi. Nacheka nikiandika, lakini wizi wa mafuta hayo ni balaa linalojulikana Afrika Mashariki nzima, na transfoma iliyonyonywa mafuta huungua.

Uzio ndio mwingine. Ng'ombe na watoto wanakuja pamoja, ng'ombe wakifuata majani, watoto wakifuata ng'ombe. Chini ya kituo kunazikwa wavu wa nyaya za shaba, ethi, ili umeme ukipotea uzame ardhini bila kumrusha mtu aliyesimama karibu. Watu wakiiba shaba hiyo, ardhi yenyewe inageuka hatari radi inapopiga, na huko kwenu radi hazina mchezo. Shule ikipewa somo moja kwa mwaka na fundi wa kituo, ni bora kuliko vibao kumi vyenye fuvu. Hilo nalo liombeni liandikwe kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Halina gharama, na likiandikwa linakaguliwa.

Kuhusu pamba yako, hukuniuliza lakini nimeifikiria. Tarehe ya mwisho ya kuhesabu mali ikishatangazwa, kitakachopandwa baada yake hakilipwi. Kabla ya kulipwa, hata hivyo, shamba bado ni lako, na bikoni peke yake haimzuii mtu kulima zao la msimu. Kama uthamini utafanyika pamba ikiwa imeshachanua, omba kwa maandishi, kupitia halmashauri ya kijiji, ruhusa ya kuvuna kabla ya kukabidhi eneo. Mara zote nilizoona ombi hilo likiandikwa mapema, lilikubaliwa, maana mkandarasi mwenyewe huwa bado yuko Dar es Salaam akitafuta trela.